Mpaka Hina wa Chumbageni na Ua Alilompaka Kila Mtu

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Katika chumba cha uani cha nyumba moja huko Usagara, jijini Tanga, bi harusi wa kesho amekaa juu ya godoro, mikono ameilaza kwenye mito miwili, miguu ameinyoosha. Hawezi kujikuna. Hawezi kushika simu. Akitaka chai ananyweshwa na shangazi yake, tena kwa kijiko.

Mbele yake amepiga magoti Shamsiya Amjad, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, koni ya hina mkononi. Anavuta mstari mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kidole cha shahada bila kupumua. Akifika mwisho anashusha pumzi, kisha anatupa swali ambalo si la hina kabisa.

"Haya, nani ataniambia? Mama anaishi na VVU, anameza dawa zake kila siku, kliniki anakwenda. Anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi, au hawezi?"

Chumbani wamo wanawake kumi na mmoja. Watatu wanasema hawezi, wanne wanasema anaweza, mmoja anadai ni bahati ya mtu. Shangazi mwenye kijiko anasema yeye hayumo. Bi harusi, ambaye ndiye hasa anayeulizwa, anajibu kwa sauti ya chini kwamba anaweza, maana hata jirani yao mmoja pale nyuma...

"Jirani muache kwake," Shamsiya anamkata, taratibu, bila kuinua macho. "Jibu lako ni sahihi. Sasa nambie kwa nini ni sahihi, na wala usin'tajie jina la mtu."

Pembeni, karibu na mlango, Bi Saleha Mwinyijuma anacheka na tambuu yake mdomoni. Ana miaka sitini na saba na ndiye somo wa bi harusi huyu, yaani mwanamke mzima aliyekabidhiwa mwali amfunde kabla hajaingia kwenye ndoa. Mwaka mmoja uliopita, Bi Saleha huyu huyu alikuwa amekula kiapo kwamba Shamsiya hatavuka tena kizingiti cha nyumba ambayo yeye ana mwali ndani yake.

Shamsiya alizaliwa Chumbageni katika familia yenye asili ya Oman, mtoto wa nne kati ya sita. Hina alifundishwa na mama yake mdogo tangu ana miaka kumi na miwili. Alipomaliza kidato cha nne hakuendelea na shule, ila mkono wake ulikuwa umeshajulikana kuanzia Chumbageni mpaka Raskazone. Katika mwezi wa harusi nyingi hupata mabibi harusi sita au saba, na kila mmoja humlipa shilingi elfu sabini. Ukiingia mfungo, kazi inalala hadi mkesha wa Idi.

Elimu ya VVU haikuwa katika mipango yake. Miaka minne iliyopita alikuwa akimpaka msichana mmoja miguu, wamebaki wawili tu chumbani, na msichana akamuuliza kama ni kweli mtu akipima na mchumba wake majibu husomwa mbele ya wote wawili hata kama mmoja hataki.

"Sikujua," anasema Shamsiya. "Nikamwambia sijui. Nikaona haya kweli kweli, maana yule mwari alikuwa amelibana swali lile wiki nzima, akanichagua mimi, na mimi nimekaa na koni yangu kama sanamu."

Kesho yake alikwenda kituo cha afya kuuliza. Aliyempokea ni Consolata Zabron, muuguzi kijana kutoka milima ya Lushoto, ambaye hakumfundisha jambo moja tu bali alimkalisha asubuhi nzima. Alimweleza habari za kupima kwa hiari na kwamba majibu hayatolewi mbele ya mwenzi bila ridhaa ya mwenyewe. Alimweleza habari za dawa za kufubaza virusi, na jinsi mtu anayezimeza vizuri, virusi vikapungua hadi kipimo kisivione, anavyokuwa hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Shamsiya alirudi nyumbani na daftari lililojaa.

Tangu hapo kila bi harusi alipakwa hina huku akifundishwa habari za VVU.

"Mtu aliyepakwa hina hana pa kwenda," anasema, akicheka. "Saa mbili za kupaka, saa tatu za kukauka. Saa tano nimempata. Semina gani inampata mtu kwa saa tano na hakuna hata mmoja anayechungulia simu?"

Wa kwanza kuiona akili hiyo kuwa ni akili alikuwa Edgar Manase, kinyozi mwenye kibanda chake Chumbageni, jirani na kwa kina Shamsiya. Edgar ni mtoto wa kambi ya mkonge upande wa Muheza, familia ya Kilutheri, baba yake alikuwa mkata mkonge. Naye ana lake moyoni. Dada yake mkubwa aliwahi kuacha dawa kwa miezi minane kwa sababu kule kambini nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta na kila mtu anajua nani kafungua debe gani.

"Alikuwa anaficha dawa ndani ya debe la unga," anasimulia Edgar, na anaongeza kwamba dada yake amemruhusu kusema. "Alidhoofu mpaka tukakata tamaa. Alirudi kwenye dawa, leo analima mahindi yake na ana nguvu kunishinda mimi. Lakini niliapa watu wangu wa kibandani watazungumza haya mambo. Mtu mwenye wembe shingoni habishani sana."

Hivyo kikazaliwa kikundi cha Tuambizane: wapaka hina, wasusi, vinyozi na mafundi cherehani, vijana kumi na wanne, Waislamu na Wakristo. Sharti la kujiunga ni moja, nalo ni kufanya kazi inayomfanya mteja akae kitako. Consolata huwapiga msasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na haoni aibu kuwarudisha darasani wakikosea.

Kosa kubwa, hata hivyo, halikuwa la darasani.

Mwaka jana kikundi kiliandaa siku ya kupima pale Chumbageni. Consolata na wenzake walikuja na meza zao, na Shamsiya akaja na wazo. Kila mwanamke atakayepima, bila kujali majibu yake, atapakwa ua dogo la hina la petali tano nyuma ya mkono wa kulia. Liwe ni pongezi. Aliyepima ajivunie, na mwenzake akiliona atamani naye.

"Nililiona zuri," anasema. "Wallahi nililiona zuri mpaka usingizi ulinipaa kwa furaha. Consolata aliniuliza mara mbili, 'Una hakika?' Nikamwambia nina hakika. Nilikuwa naongea na muuguzi kama mimi ndiye muuguzi."

Wanawake mia moja na kumi na wanane walipima siku ile. Kikundi hakikuwahi kupata hata nusu ya idadi hiyo. Maua mia moja na kumi na manane yakatembea mitaani, na kwa siku tatu Shamsiya alijiona kama mtu aliyeoteshwa.

Siku ya nne, muuza mkaa alimtania mteja mbele ya watu, "Mbona wewe huna ua, una nini?" Siku ya sita wasichana wawili waligombana kisimani kwa neno hilo hilo. Ua lililokuwa na maana ya *nimepima* lilikuwa limeshageuka mdomoni mwa watu kuwa *mimi ni mzima*. Na mkono mtupu nao ukapewa maana yake, ingawa hakuna aliyethubutu kuitamka waziwazi.

Kisha likatokea la Khuloud. Hilo si jina lake halisi, na katika makala haya tutamwita hivyo.

Khuloud alikuwa mchumba wa watu, mwali wa Bi Saleha, ndoa imebakiza wiki tatu. Siku ya kupima hakuwapo Tanga, alikuwa Pangani kwa bibi yake. Wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi kuleta vitu vya bi harusi. Wakakaribishwa, wakala mikate ya kumimina, wakanywa chai ya iliki. Wakati wa kuaga, shangazi wa bwana harusi akaushika mkono wa kulia wa binti kama anayeusifia, akaugeuza, akautazama.

"Ua lako liko wapi, mama?" akauliza.

 Siku mbili baadaye likaja neno kwamba harusi isogezwe mbele kwanza, watu watafakari.

Bi Saleha alimfuata Shamsiya nyumbani kwao jioni ile ile. Shamsiya alimwamkia, "Shikamoo, Bi Saleha," na marahaba haikuja. Alisimama uani na kanga yake kaifunga kiunoni kwa namna ambayo wanawake wa Chumbageni wanaijua.

"Weye mtoto, umewatia watoto wa watu chapa kama ng'ombe," alimwambia. "Na hao wanaume mmewatia chapa gani? N'jibu. Edgar wako kawapaka ua wapi, kisogoni?"

 Hadi leo Shamsiya akiisimulia sehemu hii anaacha kazi, anaweka koni chini na kujifuta mikono ambayo haina kitu.

"Alisema kweli tupu. Sikuwahi kufikiria wanaume. Nilichukua kitu cha siri ya mtu nikakiweka nyuma ya mkono, mahali ambapo hata muuza mchicha anakiona. Halafu nikakiita pongezi."

Habari zikaenea. Masomo wa Chumbageni na Usagara, ambao ndio wenye kauli juu ya nani aingie chumba cha mwali, wakamfungia milango mmoja baada ya mwingine. Kwa wiki tano Shamsiya hakuitwa na bi harusi hata mmoja. Alikaanga vitumbua na kuviuza asubuhi ili asikose nauli na vocha. Lakini anasema vitumbua havikumuumiza. Kilichomuumiza ni kujua kwamba katika wiki zile tano wasichana wanane waliolewa, na kila mmoja wao alikuwa na swali lake, na hakuna aliyekuwa akiwajibu.

Wenzake wengine walishauri jambo hilo waliache, maana hina hufutika yenyewe baada ya wiki mbili. Na kweli maua yale ya kwanza yalianza kufifia. Ajabu ni kwamba mitaani maua yalizidi kuongezeka.

Edgar ndiye aliyegundua. Mpaka hina mmoja, si wa kikundi, alikuwa akiwapaka wanawake ua la petali tano kwa shilingi elfu moja, hakuna kupima wala nini. Walikuwa wakimfuata kwa foleni. Edgar alikuja kwa Shamsiya anatokwa na jasho kwa hasira, anataka waende kwa mwenyekiti wa mtaa wakashitaki.

Shamsiya alimsikiliza, kisha akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Edgar alidhani mambo yamemfika shingoni na akili imemruka.

"Nikamwambia, huyu mwanamke katuonyesha njia," anakumbuka. "Yeye anaua ile alama kwa shilingi elfu moja moja, atachelewa. Sisi tutaiua bure."

Jumatatu iliyofuata, wapaka hina watano wa Tuambizane walitandika mikeka mbele ya kibanda cha Edgar. Hawakumuuliza mtu kama amepima. Hawakumuuliza mtu lolote. Aliyepita alipakwa ua. Walipakwa mabibi waliotoka sokoni na vikapu, wauza samaki, kina mama wa kwaya wakiwa njiani kwenda mazoezini, watoto waliotoka chuoni na juzuu kwapani. Edgar alipakwa mikono yote miwili, na waendesha bodaboda walipomcheka aliwaambia wapange foleni, na wanne wakapanga.

Siku ya pili hina ya unga iliisha, wakachangishana wakanunua nyingine. Siku ya tatu Shamsiya alikuwa na maumivu ya kiuno na vidole vimekakamaa. Kwa hesabu ya Edgar, ambaye alikuwa akichora vijiti ukutani kwa chaki, walipita watu mia sita na kitu. Ikafika mahali hakuna wa kumuuliza mwenzake ua lako liko wapi, kwa sababu hata kikongwe asiyetoka ndani alikuwa nalo, na hata mtoto wa miezi saba.

Mchana wa siku hiyo ya tatu Bi Saleha alitokea. Alikuwa amemshika mkono mwanamke mwingine wa makamo, na Shamsiya alimtambua mara moja: ni yule shangazi wa bwana harusi.

"Mpake na huyu," Bi Saleha aliamuru. "Tangu aje mjini na kugeuza mikono ya watoto wa wenzie, wa kwake hajaonyesha mtu."

Shangazi alikunja uso, akatazama huku na huku, akaona mikono ya watu wote iliyomzunguka. Akakaa mkekani. Shamsiya anasema alimpaka ua zuri kuliko yote aliyopaka siku zile tatu.

Harusi ya Khuloud ilifungwa mwezi uliofuata. Aliyeitwa kupaka hina ni Shamsiya. Kama Khuloud aliwahi kupima, lini, na majibu yalikuwaje, Shamsiya hajui.

"Wala sitaki kujua," anasema. "Nilimfundisha kama ninavyowafundisha wote. Nikamwambia kituo kiko wapi na Consolata yuko siku gani. Basi. Kilichobaki ni chake na mumewe."

Tangu wakati huo Tuambizane wana kanuni mbili ambazo mwanachama mpya huzikariri kabla ya kufundishwa kitu kingine: hatuulizi majibu, hatutoi alama. Wasusi wa kikundi sasa wanatayarishwa kwenda kwenye kambi za mkonge za Muheza na mashamba ya chai ya Amani, ambako hina si desturi ya wengi lakini kila mwanamke anasuka. Msuko mzuri huchukua nusu siku. Edgar atatangulia, kwa kuwa anakujua kwao, na dada yake amejitolea kuwapokea.

Lakini ukimuuliza Shamsiya anatamani nini hasa, hataji kambi wala mashamba. Anamwonyesha kwa kidevu Bi Saleha.

"Mimi nina saa tano tu na bi harusi. Masomo wana siku saba, na neno lao linaingia. Natamani siku moja kila somo wa Tanga hii ampeleke mwali wake kupima mwenyewe, amshike mkono, kama anavyomfundisha mengine. Nimewaomba mwaka mzima. Wananiitikia 'inshallah', halafu basi."

Kufikia saa saba mchana mikono ya bi harusi imekamilika mpaka viwikoni, na shangazi mwenye kijiko amehamia kwenye pilau. Mwandishi wa makala haya naye amepakwa mkono wa kushoto kwa nguvu za Bi Saleha, aliyesema haiwezekani mgeni atoke nyumba ya harusi mkavu. Wa kulia umeachwa ili uandike. Shamsiya anakusanya koni zake, anaaga.

Pale mlangoni Bi Saleha anamshika mwandishi bega.

"Ngoja, mwanangu. Hayo yote uloandika ni yake. Na yangu uandike."

Anatema tambuu, anajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nimefunda wari arobaini na wawili. Nimewafundisha kila kitu cha mume na mke. Huyu mtoto kila siku ananambia, Bi Saleha wapeleke kupima. Nami kila siku najiuliza, nitampelekaje mtoto wa watu mahala ambapo mimi mwenyewe n'naogopa? Nimeolewa mara tatu, mimi. Sijapata kupima hata siku moja."

Shamsiya amesimama na mkoba wake mkononi. Ni wazi kwamba hili hakulijua.

"Jumanne n'likwenda," anasema Bi Saleha. "Peke yangu, na ushungi n'mejifunika mpaka macho. Yule muuguzi wa Lushoto akan'kalisha vizuri. Nikatoka."

 Hata bi harusi ameinua kichwa, na safari hii hakuna anayemkemea kwamba hina itaharibika. Shamsiya anafungua mdomo, kisha anaufunga. Macho yake yamejaa machozi, na haulizi kitu.

Bi Saleha anamtazama kwa muda, anatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha anaigeukia kalamu.

"Andika nimekwenda. Jina langu liandike lote, Saleha binti Mwinyijuma wa Chumbageni, masomo wenzangu wapate kulisoma, maana Jumanne ijayo nakwenda na huyu mwali na mumewe, na n'nataka wao wanifuate. Majibu hayaandikwi."